Waliopanda bila jina: ajali ya Buyofwe na kamyo zetu



Juma hili tunaongea juu ya ajali ya gari la moshi. Tunajua wengine watauliza: gari la moshi na Epulu, wapi na wapi? Kweli, hapa kwetu hakuna reli. Iliyo karibu na sisi ni ile njia ndogo ya Vicicongo iliyotoka Aketi ikaishia Mungbere, kule Haut-Uele. Wazee wanaongea juu yake, lakini watoto wetu wengi wanajua gari la moshi kwa picha ya kitabu tu. Tunawaomba mtufuate pole pole. Tukifika mwisho mtaona kwamba habari hii inapita mbele ya mlango wetu kila siku, kwenye barabara ya kitaifa nambari 4.

Usiku wa Buyofwe

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 10 Machi 2022, karibu saa tano na dakika 50 za usiku. Gari la moshi la SNCC, shirika la kitaifa la reli, lilikuwa limetoka Luena likielekea Tenke, katika jimbo la Lualaba. Karibu na kijiji cha Buyofwe, teritware ya Lubudi, liliacha reli. Lilikuwa na vagoni 15. Vagoni 7 ziliangukia bondeni.

Lilikuwa gari la mizigo, si la abiria. Tena, kati ya vagoni zile 15, 12 zilikuwa tupu. Maana yake hazikubeba mzigo. Watu zilibeba, na watu wengi: wakubwa wa reli wenyewe walisema walikuwa mia kadhaa. Kulikuwamo wanaume, wamama na watoto.

Siku ya kwanza tulisikia kwamba waliokufa ni 60. Halafu wakawa 61. Baadaye hesabu ikapanda mpaka 75, na waliojeruhiwa 125. Kila aliyefuata habari ile kwa redio anakumbuka jinsi hesabu ilivyokuwa ikibadilika. Kwa sehemu ni kawaida, sababu watu hufa hospitalini, na wengine hutolewa chini ya vyuma siku ya pili au ya tatu. Lakini kulikuwa na sababu nyingine pia. Hakuna aliyejua ni watu wangapi walipanda. Ukikosa hesabu ya waliopanda, huwezi kujua ni wangapi bado hawajapatikana. Unahesabu miili unayoiona, basi.

Si mara ya kwanza

Nchi yetu imeona ajali za namna hii mara nyingi. Mwanzoni mwa mwezi Agosti 2007, karibu na Benaleka, kwenye njia ya Ilebo kwenda Kananga, watu karibu 100 walikufa. Breki zilikuwa zimeshindwa, na abiria wengi walikuwa wamekaa juu ya paa. Tarehe 22 Aprili 2014, kule Katongola, upande wa Kamina, gari la mizigo lilianguka na makumi ya watu wakafa. Tarehe 12 Septemba 2019, saa tisa za usiku, lingine lilianguka Mayibaridi, jimbo la Tanganyika. Waziri alitangaza watu 50 wamekufa. Hesabu zilizotoka baadaye zilikuwa chini sana. Oktoba 2021 watu 9 walikufa Kenzenze, teritware ya Mutshatsha, huko huko Lualaba. Miezi mitano baadaye ikawa Buyofwe.

Angalieni Mayibaridi vizuri. Kati ya 50 na hesabu ndogo kuna familia za watu. Mama anayengoja mtoto wake aliyepanda gari lile aamini hesabu gani?

Na kwa nini watu hupanda gari la mizigo? Sisi wa Epulu tunaweza kujibu bila kusoma kitabu chochote. Wanapanda kwa sababu gari la abiria halipo, ama linapita mara chache sana. Wanapanda kwa sababu barabara ni tope, na mahindi yatakayooza nyumbani yana bei nzuri pengine. Wanapanda kwa sababu mgonjwa hawezi kungoja. Reli ile ya Katanga ilifika Bukama mwaka 1918 na Ilebo mwaka 1928. Vijiji vingi vimekaa kando ya njia ile tangu wakati wa mababu, na maisha yao yanategemea kile kinachopita juu yake.

Uchunguzi unatafuta nini

Ajali ikitokea, kila mkubwa husema: uchunguzi utafanyika. Ni neno tunalolisikia mpaka tumelizoea. Basi tulieleze kama tunavyoeleza watoto darasani.

Gurudumu la gari la moshi lina ukingo kwa upande wa ndani. Ukingo ule ndio unaolishika kwenye reli lisitoke. Reli mbili zinapaswa kukaa kwa nafasi moja tangu mwanzo wa njia hadi mwisho. Kwenye reli za SNCC nafasi ile ni milimita 1,067, yaani mita moja na kidogo. Zinashikwa na mataruma, zile mbao au vyuma vilivyolala chini yake, na mataruma yanashikwa na mawe yaliyomwagwa kila upande. Mbao zikioza, misumari inalegea, reli zinaachana kidogo kidogo, na siku moja gurudumu linaanguka katikati. Mawe yakibebwa na mvua, reli inainama. Kwenye kona, mwendo ukizidi, ukingo unapanda juu ya reli na gari linatoka. Kwenye mteremko, breki zikishindwa, uzito wote unasukuma mbele, na hakuna mwanadamu anayeweza kuusimamisha.

Kwa hiyo wachunguzi wanapima nafasi ya reli. Wanaangalia alama kwenye mataruma, sababu gurudumu lililotoka linaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ile inaonyesha mahali lilipoanza kutoka. Wanafungua breki. Wanaangalia uzito na mwendo. Wanamuuliza mwendeshaji alilala saa ngapi, na nani alimpa ruhusa ya kuondoka. Wanasoma daftari la karakana: mara ya mwisho gari hili lilitengenezwa lini, na nani alitia sahihi?

Chuma kina faida moja: hakidanganyi, na hakiondoki. Hata baada ya wiki mbili, reli iliyovunjika itakuonyesha ilivunjikia wapi.

Mfano mzuri ni India. Tarehe 2 Juni 2023, kule Balasore, jimbo la Odisha, treni tatu zilihusika katika ajali moja, na watu zaidi ya 290 walikufa. Mchunguzi wa usalama wa reli alifuata ile habari mpaka kwenye waya. Aligundua kwamba waya za taa za ishara zilikuwa zimeunganishwa vibaya wakati wa kazi za matengenezo. Ishara ikamwambia mwendeshaji apite mbele, huku reli ikimpeleka kwenye njia ya kando, ambako treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Watu karibu 300 walikufa, na chanzo kilikuwa ndani ya sanduku la waya. Uchunguzi wa namna ile ni kazi kubwa, na unaokoa watu wa kesho, sababu sanduku nyingine za namna ile zitaangaliwa.

Lakini kuna kitu ambacho mchunguzi yule hakuweza kukipata. Wengi wa waliokufa walikuwa kwenye vagoni za watu wa kawaida, zile ambazo tikiti yake haiandikwi jina. Miezi minne baadaye, Oktoba 2023, miili 28 ilikuwa bado hospitalini bila mtu wa kuidai. Serikali iliichoma kwa desturi ya kule. Waya ulipatikana. Majina ya watu 28 hayakupatikana.

Jirani zetu wa Tanzania wanajua uchungu huo. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilikuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu, karibu na Dodoma. Ilishindwa kupanda, na breki hazikuishika. Ikarudi kinyumenyume, mwendo ukiongezeka, mpaka ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Wale walikuwa abiria halali wenye tikiti zao mkononi, na hata hivyo wako waliozikwa pamoja Dodoma bila kutambuliwa.

Basi uchunguzi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni chuma: kimetokea nini, na kwa nini? Nusu ya pili ni watu: ni nani, walikuwa wangapi, wa nani? Chuma unaweza kukichunguza baada ya ajali. Majina, kama hayakuandikwa kabla ya safari, wakati mwingine hayapatikani tena.

Neno moja linalofunga mlango

Baada ya Buyofwe, neno lililosikika sana ni "clandestins", waliopanda kwa kujificha. Ni kweli kwamba hawakuruhusiwa kupanda. Hatusemi hapana. Lakini neno lile lina kazi mbaya: linafunga maswali kabla hayajaulizwa. Ukishasema mtu alijificha, ni kama umesema kosa ni lake, na hesabu imeishia pale.

Sisi tunaotunza watoto tunajua kitu juu ya kujificha. Mtoto mmoja anaweza kujificha. Watoto watatu wanaweza kujificha dakika tano, halafu mmoja atacheka. Lakini watu mia kadhaa, wenye magunia, wenye masufuria, wenye watoto wachanga wanaolia, wanajifichaje ndani ya vagoni 12? Watu wengi hivyo hawapandi kimya. Wanapanda mahali gari liliposimama, mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo maswali yapo, na yanapaswa kuulizwa kwa upole lakini bila kuogopa. Wanapandia vituo gani? Kama wanatoa pesa, nani anapokea? Kama kila mtu anajua kwamba watu husafiri hivi, kwa nini vagoni moja au mbili za abiria zisifungwe nyuma ya gari la mizigo, watu wakate tikiti na wahesabiwe? Maswali haya hayamfungi mtu gerezani. Yanataka jambo lile lisirudi tena. Kule Uingereza, baada ya ajali ya Ladbroke Grove ya mwaka 1999 iliyoua watu 31, waliunda ofisi ya wachunguzi wa reli iliyoanza kazi mwaka 2005. Kazi yake si kutafuta wa kuadhibiwa. Hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Yenyewe inatafuta chanzo, inaandika, na inatoa maandishi yale ili kila mtu asome.

Na tufikirie mama mjane wa Buyofwe. Mume wake hakuwa na tikiti. Akienda kuomba msaada wa mazishi, ama msaada kwa watoto, ataonyesha karatasi gani? Atasema: alipanda. Watamwambia: nani alimwona?

Sasa turudi Epulu

Angalieni kamyo inayosimama hapa sokoni ikielekea Mambasa na Komanda, ama Nia-Nia na Kisangani. Chini kuna magunia, mapipa ya mafuta, mbao, mbuzi. Juu kuna watu. Gari lile limejengwa kwa mizigo, lakini sisi tuko juu yake, tumeshika kamba, mtoto mgongoni. Tunakaa juu sababu hakuna basi, ama pesa za basi hazipo. Tofauti yetu na watu wa Buyofwe ni reli tu.

Shofere anahesabu, ndiyo. Anahesabu waliolipa. Mtoto wa mgongoni halipi, basi hahesabiwi. Mtoto anayekaa kwenye mapaja halipi, hahesabiwi. Msichana anayesaidia kubeba mzigo wa shangazi yake halipi, hahesabiwi. Hesabu ya pesa si hesabu ya watu.

Wengi mnakumbuka jambo lililotupata msimu mmoja wa mvua. Mama mmoja wa ushirika wetu alipanda kamyo siku ya Jumanne, na ndizi zake na mafuta ya ngazi. Alisema atarudi Alhamisi. Alhamisi hakurudi. Ijumaa mtu wa pikipiki alileta habari kwamba kamyo moja imeanguka huko mbele, na watu wameumia. Tulimuuliza: kamyo ya rangi gani? Hakujua. Ya nani? Hakujua. Tulikimbia sokoni tukauliza waliokuwepo Jumanne. Mmoja alisema yule mama alipanda kamyo ya bluu. Mwingine alisema alipanda ile ya pili iliyofuata. Simu yake haikuita. Mtoto wake, aliyekuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, alikuja darasani kama kawaida, akakaa, akauliza mbele ya wenzake: Mwalimu, mama yangu yuko kwenye ile iliyoanguka?

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tungoje. Siku tatu hatukujua tulie ama tupike.

Jumapili akarudi juu ya pikipiki, tope mpaka kichwani. Kamyo yake ilikuwa imekwama porini mahali pasipo na reso. Wengine walicheka, wengine walilia, na ndizi zote zilikuwa zimeoza. Tulimshukuru Mungu na tukaendelea na maisha. Lakini hatukubadilisha kitu. Juma lililofuata wamama wengine walipanda vilevile, bila mtu kuandika lolote.

Kaye moja na biki moja

Hatuwezi kutengeneza reli ya Lualaba. Hatuwezi hata kutengeneza shimo la barabara hapa mbele. Lakini kuandika tunaweza. Ndiyo tunapendekeza jambo hili dogo, tuliongee kwenye mkutano wetu wa juma lijalo.

Tuwe na kaye moja ya ushirika, ikae kwa mama mmoja anayeuza karibu na mahali kamyo zinaposimama. Kila mmoja wetu anayesafiri apite kwake kabla ya kupanda. Asiyejua kuandika aseme, mwingine ataandika. Mstari mmoja unatosha: tarehe na saa ya kuondoka, jina la msafiri, watoto alio nao, hata wa mgongoni, kila mmoja kwa jina lake na umri wake, anakokwenda na siku anayotaka kurudi, nambari ya kamyo iliyo kwenye plaki, na rangi yake, jina la mtu aliyebaki nyumbani na nambari yake ya simu. Akirudi, apite tena aweke alama. Mstari usio na alama siku mbili baada ya siku iliyosemwa, tunaanza kuuliza, na tunajua tuulize kamyo gani.

Wengine wametuambia hofu zao, na ni hofu za kweli. Mmoja alisema: katika nchi hii ya vita, listi ya majina ikianguka kwa watu wabaya, si tumewaonyesha nani hayuko nyumbani? Tulifikiri sana. Jibu letu ni kwamba kaye haisafiri na haionyeshwi. Inabaki kwa mama yule, inalala nyumbani mwake, na ukurasa ambao wote wamesharudi unachomwa. Hatuandiki mzigo, hatuandiki pesa, hatuandiki kabila.

Mwingine alisema shofere watakasirika, watadhani ni mambo ya kodi. Hatuhitaji kitu kwa shofere. Nambari ya plaki inaonekana kwa kila mwenye macho. Na tukiwaeleza vizuri, wao pia wana wake na watoto wanaowangoja.

Wa tatu alisema: kuandika jina kabla ya safari ni kujiitia kifo. Mama, tunakuheshimu. Lakini tunaandika jina la mtoto siku anapozaliwa, tunaliandika siku anapoingia shule, tunaliandika kwenye fishi ya chanjo. Tunaandika sababu tunataka aishi na ajulikane. Siku ya safari ni vilevile.

Watu 75 walikufa Buyofwe. Ile ndiyo hesabu iliyotangazwa. Kama kulikuwa na wa 76, mtoto fulani aliyebebwa na shangazi, hakuna karatasi itakayotuambia. Uchunguzi wote wa dunia, hata ule unaofika mpaka kwenye waya, unaanza na swali moja ambalo mchunguzi hawezi kulijibu peke yake: nani alikuwa ndani?

Swali lile linajibiwa asubuhi, kabla ya kupanda, na mtu anayebaki. Atakayekubali kutunza kaye atuambie mkutanoni. Biki tutaleta.